Angela Kwenye Foleni ya Maji

Kituo cha Maji,
Olbalbal, Ngorongoro.
Jumapili, 21 Septemba 2025.

Mpendwa Shangazi Brigita,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, na kwamba lile goti ulilolisema wakati wa Pasaka limekuachia ukapanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Mjomba Vedasto hajambo? Mikorosho yenu ya nyuma ya nyumba imeanza kutoa maua, au bado Tunduru ni jua tupu kama huku kwetu?

Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala kiasi, na kikohozi nilicho nacho ni cha vumbi tu, usimwambie Mama. Nyumbani Karatu nako, kwa habari za wiki iliyopita, hawajambo. Baba amemaliza kuvuna mahindi, sasa yuko kwenye maharage ya ngwara. Bibi Marsela bado anakwenda misa ya kwanza kwa miguu na anakataa kabisa kupakiwa pikipiki. Anasema Looa, Mungu wa Kiiraqw chetu, alimpa miguu kabla hajampa mtu yeyote pikipiki.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtandao hapa unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu kando ya njia ya ng'ombe, na ukipanda pale kuzungumza, unazungukwa na wanaosubiri zamu yao, wote masikio. Ya pili utaiona mwenyewe ukiendelea kusoma. Barua hii nitampa kaka Emmanueli mkononi lori lake litakapopita. Nimemwomba asiitoe mfukoni mpaka Arusha.

Nilipokea sura sita za riwaya yako. Karatasi zilifika salama, zimekunjika pembeni tu. Uliniuliza kama Angela wako anaishi au bado ni mtu wa karatasi. Anaishi, Shangazi. Naogopa hata kukuambia anaishi kiasi gani.

Nilimsoma kama ulivyonifundisha nikiwa shule ya msingi, uliponiambia nisikisikilize anachosema mtu hadithini bali niitazame mikono na miguu yake, kwa kuwa moyo hujificha humo. Basi nimetafuta katika sura zote sita mahali ulipoandika kwamba Angela anaogopa, au ana huzuni, au hampendi mumewe. Hakuna. Joseph wake ni mtu mwema machoni pa kila mtu. Ni mweka hazina wa kigango na fundi wa mbao anayemaliza kazi aliyoahidi. Hapigi, hatukani, halewi. Msomaji mvivu angefunga karatasi akisema hii ni hadithi ya ndoa nzuri.

Vitenzi vyako ndivyo visivyokubali. Joseph akiwapo, Angela haingii jikoni, anapenya. Hatembei ukumbini, anaambaa na ukuta. Kuni hazibwagi, anazitua moja moja kama anayepanga mayai. Mlango haufungi, anauegesha. Hata kikohozi hakikohoi, anakimeza.

Halafu sura ya nne Joseph anakwenda Songea kununua misumari, na ukurasa mzima unabadilika sauti. Angela anabwaga kuni. Anaburuta kigoda kutoka jikoni mpaka uani. Anamwita jirani kwa kupaza sauti. Anakung'uta mkeka mpaka vumbi linampigisha chafya, na anaicheka chafya yake mwenyewe. Hukuandika popote kwamba amefurahi. Mimi niliisoma nimesimama, nikasahau kukaa. Kisha pikipiki ya Joseph inasikika kwenye kona, na kigoda kile alichokiburuta asubuhi, anakirudisha kwa kukibeba.

Nina neno moja tu la kupinga. Katika sura ya tano umeandika kwamba Angela "alinung'unika moyoni". Nadhani hajafika huko. Mtu anayekibeba kigoda namna ile hathubutu kunung'unika hata mahali asipoonekana. Ungemwacha apanguse meza ambayo tayari ni safi, ingetosha.

Hayo ndiyo maoni uliyoniomba. Ningependa sana barua yangu iishie hapo nitume salamu. Lakini Angela ametoka mezani kwangu, Shangazi, na sasa sijui namna ya kumrudisha.

Kazi yangu hapa ni ukarani wa kamati ya maji. Mashine inasukuma maji kutoka kisimani mpaka kwenye tenki, na tenki halijai kwa kuliangalia. Kina mama hufika asubuhi na punda wao, hupanga madumu mstari mmoja, huniambia majina ya zamu, kisha tunakaa. Kiangazi hiki tunakaa sana. Kivuli ni kimoja, cha tenki lenyewe, nacho kinahama, na sisi tunahama nacho. Siku moja waliniona nikisoma karatasi zako huku natabasamu. Wakataka kujua karani anachekea nini. Nikawasomea. Wengi Kiswahili chao ni cha kununulia sukari, basi mmoja wao aliyefika kidato cha pili akawa anawageuzia kwa Kimasai. Huyo ndiye Nalangu.

Lazima nikueleze Nalangu ni nani. Ni mke wa Parsimei, na Parsimei ndiye mwenyekiti wa kamati yetu, yaani mkubwa wangu wa kazi. Tangu mwezi wa sita Nalangu yuko kwa baba yake, boma la ng'ambo ya korongo. Alirudi mwenyewe kwa miguu. Wazee wamemwita si mara moja kumwuliza kisa. Amekupiga? Hapana. Amekunyima maziwa? Hapana. Amekutukana mbele za watu? Hapana. Basi una neno gani? Hana neno. Na huku, sawa na kwetu, mke asiye na neno hurudishwa kwa mumewe. Ilikuwa imebaki kupanga siku.

Mimi nilijua hayo kama kila mtu anavyojua mambo ya kila mtu hapa. Sikufikiri. Naapa sikufikiri kwamba ninamsomea nini, na mbele ya nani.

Tulipofika mahali Angela "ananyata", Nalangu alinisimamisha.

"Hiyo ni kutembeaje, karani?"

Nikajaribu kueleza, maneno yakanigomea. Nikasimama, nikanyata mbele yao, vidole vikitangulia, mabega juu, kutoka kwenye koki mpaka mlango wa ofisi. Walicheka mpaka punda wakainua vichwa.

"Karani ameiba nini?" mmoja akauliza.

"Sukari ya mwenyekiti!"

"Mwizi gani huyo, hamna macho?" akasema mwingine. "Huyo ni Nalangu alivyokuwa akiingia kwake."

Wakaanza kucheka tena, lakini kicheko kilikatika kama mashine iliyoishiwa dizeli. Nalangu alinitazama miguu kwa muda. Kisha akawageuzia ile sentensi kwa Kimasai, kwa sauti ya kawaida kabisa, akaniambia niendelee.

Niliendelea. Siku nyingi tuliendelea, mpaka sura ya sita. Nalangu alikuwa akiniuliza vitenzi tu. Majina ya watu na miji hakuyajali. Kuambaa ni kufanyaje? Kuegesha mlango ni tofauti gani na kuufunga? Nilidhani anapenda lugha, na nilifurahi kama mwalimu. Nilifikiri hata kukuandikia kwamba umepata msomaji.

Wazee walipomwita safari ya mwisho kumwuliza neno lake, aliwajibu hivi: "Neno langu liko kwa karani. Mimi ni yule wa kwenye karatasi."

Niliposikia habari hiyo nilikuwa nikimimina dizeli. Nusu niliimwaga chini.

Parsimei mwenyewe ndiye aliyekuja kuniita. Nataka umfahamu, maana ukimwona utampenda, kila mtu anampenda. Si mtu wa kelele. Ana msaada kwa wajane, na bila yeye mashine hii isingetengenezwa. Lakini ana namna yake. Hufika ofisini, hasalimii mara moja, anasimama mlangoni na kutazama kitu kimoja. Kalamu iliyolala upande. Kikombe kilicho karibu na ukingo wa meza. Anakitazama mpaka wewe mwenyewe unakinyoosha. Kisha anatazama kingine. Hajawahi kuniambia neno baya tangu nimefika hapa, nami kila akiondoka nagundua kwamba mgongo wangu umelowa.

Siku ile alitazama karatasi zako. Nilizipanga. Akasema tu, "Wazee wanakuhitaji. Uje na hizo."

Tulikaa kando ya birika, maana ilikuwa siku ya mifugo kunywa na hakuna mzee ambaye angeacha ng'ombe wake kwa ajili ya kitabu. Aliyeongoza ni laigwanani, Mzee Meitamei, kiongozi wa rika la wazee. Nalangu alikaa na mama yake, shuka imemfika kidevuni. Hakuruhusiwa kugeuza maneno kwa kuwa kesi ni yake, basi kazi hiyo akapewa Lekishon, ambaye ni rika moja na Parsimei na mtani wake. Kina mama wa foleni walikuja na punda wao wakasimama nyuma, wakisema wanasubiri maji.

Nilisoma sura ya kwanza na ya pili. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata ng'ombe waliokuwa wakinywa wakanizidi, wakaniambia nipaze. Nilipomaliza, Parsimei alizungumza kwa upole.

"Mimi sijasikia kosa. Mwanamke amepika, amefagia, ameleta kuni, amenyamaza. Nani hapa hataki mke wa hivyo?"

"Mimi namtaka," akasema Lekishon. "Mwulizeni karani kama mama huyo ana mdogo wake."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe.

Mzee Meitamei hakucheka. "Karani," akasema, "wewe umesoma. Huyu mama ana nini?"

Shangazi, fikiria mahali nilipokuwa. Mbele yangu mwenyekiti, ambaye mkono wake ndio unaoniweka hapa. Mimi ni mtu wa Karatu, sina boma wala rika katika nchi hii. Nikigombana na mtu sina hata binamu wa kusimama nyuma yangu. Ukuta wa milima ya kreta uko upande mmoja, tambarare upande mwingine, gari linakuja siku za mnada tu. Na jibu nilikuwa nalo. Ningeweza kulitaja kitenzi kwa kitenzi, kama nilivyokuandikia hapo juu.

Nikasema, "Mwandishi hakuandika, mzee."

Ni kweli, hukuandika. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kusema.

Nalangu hakuniangalia. Akasema kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti, "Basi asome ile ya safari."

Nikasoma sura ya nne. Lekishon ni mtu wa vichekesho, basi hakugeuza kwa mdomo tu. Angela alipobwaga kuni, naye alirusha mikono chini. Alipoburuta kigoda, naye aliinama akaburuta hewa huku akikwaruza kwa koo. Kina mama walikuwa hoi. Hata wazee walitikisika mabega. Kisha nikafika kwenye pikipiki. Lekishon akaendelea vilevile, maana hakujua kinachokuja: sasa amenyanyua kigoda, anakibeba, sasa anatua kuni, sasa anaambaa na ukuta. Alikuwa akivifanya vyote kwa mwili, na mwili wake mkubwa ukawa unapungua mbele yetu. Akasimama. Akatutazama.

"Ala," akasema, kwa utani wake uleule, "nyumba hii ni kama zizi chui akiwa karibu. Bwana akiondoka mbuzi wanalia, bwana akirudi kimya."

Hakuna aliyecheka. Nadhani yeye mwenyewe aliposikia alichokisema alitamani kukirudisha mdomoni. Yeye na Parsimei walitahiriwa kiangazi kimoja.

Tulisikia ng'ombe wakinywa. Kisha mama yake Parsimei akazungumza. Ni mzee sana, wanamwita koko, yaani bibi, na alikuwa amekaa upande wa mwanawe kama inavyostahili.

"Huyu msichana hutembea hivyo kwangu pia," akasema. "Nilidhani ni heshima."

Akachokoa udongo kwa fimbo yake. Akaongeza jambo kwa sauti ya chini, na Lekishon akasita kuligeuza mpaka laigwanani alipomwashiria.

"Anasema: hata mimi nilitembea hivyo kwa baba yake. Hakuna aliyeniandika."

Nimekuandikia maneno hayo kama nilivyoyasikia. Sijui nikueleze nini zaidi juu yake. Nilitaka uyapate.

Nilifikiri yamekwisha. Lakini Parsimei aliinuka, akatengeneza shuka yake begani, wala sauti yake haikubadilika. Alisema hadithi haijafika mwisho. Alisema huyo mwanamke bado ni mgeni ndani ya ndoa, na kama wazee wanataka kuhukumu kwa kitabu, basi wahukumu kwa kitabu kizima. "Labda mbele anazoea," akasema. "Wote huzoea."

Mzee Meitamei akasema ni haki. Nalangu akae kwa baba yake mpaka mwisho utakaposomwa. Asifuatwe, asirudishwe, wala asisemwe. Mwisho ukishasomwa, watakata shauri siku ileile. Na mimi nisiondoke Olbalbal kwa sababu yoyote kabla ya siku hiyo, kwa kuwa mimi ndiye mdomo wa kitabu, na kitabu hakiwezi kubadilishiwa mdomo katikati.

Ndiyo maana sikwenda nyumbani kwenye ubatizo wa mtoto wa dada Angela, huyu wetu wa nyumbani, si wako wa karatasini. Waliambiwa nimebanwa na kazi. Tafadhali usiwaambie zaidi ya hapo.

Tangu siku ile Parsimei hupita ofisini kila asubuhi. Hajanifukuza, hajanikaripia, mshahara umekuja kama kawaida. Juzi alisimama mlangoni akatazama kikombe changu. Nikakisogeza. Akatazama daftari la zamu. Nikalinyoosha. Ndipo akasema, "Mwambie shangazi yako amalize vizuri. Kitabu kizuri huisha watu wamepatana." Akaniuliza hali ya Baba na mavuno yake, akaniaga kwa kunishika mkono.

Jioni yake nilikwenda kuchota maji yangu ya kuoga. Nilitua ndoo sakafuni polepole, kwa mikono miwili, na nilikuwa peke yangu chumbani, mlango umefungwa. Ndipo nilipojua kwamba nimeanza, mimi mwanamume mwenye cheti, ambaye naweza kupanda gari la mnada nikaacha yote haya kama si neno la wazee. Nalangu alikaa na hali hiyo miaka mitatu.

Kina mama hawaniombi tena niwasomee. Tunahama na kivuli, tunazungumza habari za mbuzi. Nalangu huja kumchotea mama yake. Hanilaumu kwa jibu lile nililowapa wazee, au kama ananilaumu hajasema. Ila namsikia anapofika hata kabla sijainua kichwa, maana madumu yake huyashusha kwa punda kwa kuyabwaga, yanarukaruka na kugongana, na kina mama wanamzomea kwamba atayapasua. Naye anawajibu kwa maneno ambayo hakuna anayekubali kunitafsiria.

Alhamisi alikuja kwenye koki nilipokuwa nimesimama.

"Shangazi yako huandika haraka?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia ulianza hadithi hii nikiwa bado sekondari, na kwamba mkono wako ni mzito.

"Vizuri," akasema.

Akajaza dumu lake, akalifunga, akaondoka. Nilikaa na neno hilo moja siku nzima na usiku wake.

Shangazi, sasa nakuja kwenye ombi langu, na nimelichelewesha kwa kuwa naliogopa. Emmanueli amenidokeza kwamba umebakiza sura ya mwisho tu, na kwamba unakusudia kuituma kabla ya Krismasi. Najua umengoja siku hiyo kwa muda gani. Najua kila tunapokutana nyumbani kuna mtu wa kukutania kuhusu kitabu kisichoisha, na mimi mwenyewe nimo.

Ukiituma, mimi niko huru. Nitaisoma mara moja kando ya birika, nitapanda gari la mnada na begi langu, na Krismasi nitakula kwetu. Nimeiwaza safari hiyo mpaka najua nitakaa kiti kipi. Ningetaka kukuambia uharakishe. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili katika karatasi nyingine na nimeichana.

Lakini mwisho wowote utakaouandika, ni mwisho. Angela akizoea, Nalangu anarudishwa kesho yake. Angela akiondoka, Parsimei atasema huyo ni mwanamke wa kusini huko, wa mjini, mke wa seremala, mambo yake hayatuhusu sisi wafugaji. Na watamsikiliza, maana watakuwa hawana tena kitu cha kungojea. Kinachomweka Nalangu kwa baba yake leo si hukumu. Ni kwamba wewe hujamaliza.

Kwa hiyo nakuomba, Shangazi, usimalize.

Sikuzuii kuandika. Andika. Mpe Angela sura ya saba, na ya nane, na ya kumi na mbili. Mpe Joseph safari nyingi za misumari. Tuma moja moja kwa mkono wa Emmanueli, nami nitasoma kila itakapofika, kwa sauti ya kusikika. Na laigwanani akiniuliza tena huyu mama ana nini, nimejifunza jibu langu kwa Kiswahili na kwa Kimasai changu kibovu, nitalitoa mbele ya yeyote atakayekuwapo. Huenda wazee wakichoka kungojea watakata shauri kwa yale waliyoyasikia, na koko bado yuko hai, na Lekishon hajasahau alichokisema. Siwezi kukuahidi. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba mdomo wa kitabu hautaondoka. Mimi nitakaa.

Usinijibu kwa simu.

Nisalimie sana Mjomba Vedasto, umwambie koti lake bado linanikinga na upepo wa huku. Msalimie jirani yako Kauthar na kuku wake wote. Salamu kwa watoto wa shule wanaokuja kwako jioni kusomeshwa. Mmoja wao akikuuliza kitabu kitaisha lini, mwambie kuna watu wanaoomba kirefuke.

Mungu akupe mkono mzito, Shangazi, na macho mazuri, na karatasi za kutosha.

Ni mimi mwanao ninayekupenda na kukutegemea,

Clemensi Hhando